Mgao wa Umeme Penye Makaa ya Mawe

Nauli ya basi dogo kutoka Johannesburg hadi Middelburg ilinichoma, maana dereva alilitoza begi langu kama abiria mwingine. Hasira ilipoa tulipofika usawa wa Kendal, mtambo wa umeme wa makaa wa zaidi ya megawati 4,000 kando ya barabara ya N12. Baada ya Kendal dohani ziliendelea kujitokeza huku na huku, kila moja na moshi wake. Nikajua huku Mpumalanga, mkoa wa makaa wa Afrika Kusini, mgao hawaujui.

Usiku ule ule umeme ukakatika. Ilikuwa Julai 2023, baridi ya nyanda za juu inaingia mpaka kwenye mifupa. Mwenye nyumba ya wageni alisema tuko hatua ya sita, yaani mahitaji ya hadi megawati 6,000 yamekatwa kwenye gridi ya nchi. Akataka nyongeza ya pesa kwa ajili ya jenereta. Nikalipa. Jenereta iliwasha taa ya mapokezi na friji. Hita ya chumbani haikuiweza. Nililala na koti na viatu, na hewa inanuka makaa. Nchi inayopata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwenye makaa, na mimi naganda katikati ya mitambo yenyewe!

Jibu nililipata Komati, kijiji chenye mtambo wa makaa kusini mwa Middelburg, kwa mzee mmoja mstaafu wa upande wa boila, tanuri linalochemsha maji yawe mvuke. Nilimwita Baba, naye akaniita mwanangu.

"Boila ina mabomba mengi mno, mwanangu," alisema. "Moja likipasuka, mvuke unatoka kwa nguvu na kutoboa jirani zake. Unazima mashine nzima. Halafu huwezi kuingia, mle ndani ni moto. Unasubiri ipoe, ndipo fundi aingie kuchomelea. Ukiharakishwa uwashe kabla ya matengenezo kamili, wiki ijayo linapasuka lingine."

Hapo nikaelewa. Kwa miaka mingi mitambo mizee ilikimbizwa bila kupumzishwa kwa sababu umeme hautoshi, na kila inapoharibika umeme unazidi kutotosha.

Komati ilianza kuzalisha 1961, ikafikia mashine 9 na megawati 1,000. Umeme ulipozidi mahitaji ikalazwa mwaka 1990. Upungufu ulipokuja ikafufuliwa. Mashine ya mwisho ilizimwa Oktoba 31, 2022, mwaka ambao mgao ulikuwa umewachosha watu. Mzee hakuwatetea waliozima wala waliochelewa kuzima. Alichosema ni kwamba wapangaji waliondoka, na duka lililowategemea likafa.

Nilimfikiria nani kama si watu wa Ruvuma na Songwe? Makaa ya Ngaka na Kiwira tunayo, na kila mgao ukitubana Dar es Salaam kuna anayeuliza kwa nini hatuyachomi tupate umeme. Mimi mwenyewe nilikuwa nauliza. Sasa nataka kusikia pia nani atalipia matengenezo mtambo ukifika miaka 40, na watoto wa kijiji kile watafanya kazi gani ukizimwa.

Komati imepata mradi wa jua, upepo na betri. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 497. Mwana mkubwa wa mzee, fundi wa kuchomelea, alihamishiwa mtambo mwingine wa makaa. Mdogo wake alikuwa bado anasubiri kuitwa kwenye huo wa jua.