Siku kaka alipotoboa siri ya Nina gizani

Kuna watu wakisimuliwa mwisho wa muvi wanasusa kabisa, na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka 2006, mwaka wa ule mgao, mabwawa yamekauka, sisi Tandika umeme unaondoka asubuhi unarudi usiku na siku nyingine ndo hivyo tena haurudi.

Mama mdogo alikuwa kakodi sizini ya kwanza ya 24, ile tamthilia ya Kimarekani, zile kopi za kubana episodi zote 24 kwenye sidii chache, sura za watu zina ukungu lakini nani anajali. Kwa ambao hamkuiona, Jack Bauer yuko kitengo cha kupambana na magaidi kule Los Angeles, kuna seneta anagombea urais wanataka kumuua, mke wa Jack na binti yake wametekwa, na humohumo ofisini kuna msaliti. Mambo yote ya siku moja, kila episodi saa moja, na saa inahesabu pale kwenye skrini mpaka unahisi inahesabu kifuani mwako. (Inadanganya kidogo lakini, episodi yenyewe kama dakika 42 tu, zilizobaki zilikuwa za matangazo ya biashara ndo maana saa inaruka.)

Tumebakiza episodi nne, pap, giza. Tukawasha kibatari tukaanza kubishana nani msaliti maana mmoja alishakamatwa na bado siri zinavuja. Mimi nilikuwa nimemkomalia George Mason, yule bosi mwenye dharau. Mama mdogo anasema Tony, mwenzake Jack wa ofisini. Bibi ye Kiingereza hajui hata neno, tunamtafsiria, akasema ni yule mwanamke wa ofisini aliyewahi kutembea na Jack, tukamcheka, maana mwanamke huyo, Nina, tulishamshuku mwanzoni kabisa akasafishwa.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa kaja kutoka Morogoro siku ileile, kakaa pembeni anakula ugali wake kimya. Akanawa mikono, akasema, "Bibi yuko sahihi, ni Nina. Na yeye ndo anamuua mke wa Jack."

Jamani. Mama mdogo alimrushia kandambili. Mimi nikasema basi siangalii tena, sidii zirudishwe kesho asubuhi.

Umeme ukarudi saa nne usiku na bila shaka nikakaa. Na hapo ndo kilichonishangaza mpaka leo, kwamba tuliogopa kuliko siku zote tulizokuwa hatujui kitu. Mwanzo Nina akipita na faili ni mtu anapita na faili. Sasa kila akishika simu mama mdogo anakunja miguu kwenye kochi, na Teri, mke wa Jack, anarudi pale ofisini anajiona kafika mahali salama, yuko jengo moja na mtu atakayemuua, na sisi ndo tunajua, yeye hajui. "Toka humo mwanangu, toka!" Mama mdogo anaiambia tivii. Kwa kweli mpaka jirani akagonga ukuta.

Tangu siku hiyo muvi ya kushtua tu watu kwa makelele ya ghafla hainipati. Unaruka, unacheka, yameisha. Mimi nataka nijue bomu liko wapi halafu nikae nalo. Ndo maana miaka ya karibuni nahusudu zaidi vitamthilia vifupi, maana hata 24 yenyewe nikisema ukweli ina maji mengi, pale katikati Teri anapoteza kumbukumbu kwa ghafla nilienda kuoga nikarudi nikamkuta bado hajakumbuka kitu. Chukua Chernobyl ya 2019, episodi tano tu, mtambo wa nyuklia unalipuka dakika za mwanzo kabisa, kila mtu anajua ilitokea 1986, na bado wale wanaume watatu wakiingia kwenye maji chini ya mtambo na tochi zao zinafifia moja moja mimi nilisimama nikawasha taa ya sebuleni. Na ile sehemu ya paa, wanasukuma vifusi vyenye mionzi, dakika moja na nusu kila mtu na koleo lake, hakuna adui wala bunduki, muda tu.

Tuirudie Tandika. Mwisho ulipofika Jack kamkumbatia mkewe pale chini, bibi akauliza, "Ataamka?" Tukamwambia haamki. Akasema uongo, mke wa stelingi hafi, akakaa anasubiri mpaka yale majina ya mwisho yakaisha yote.

Miezi michache baadaye kaka akaja tena na sizini ya pili mkononi. Mama mdogo akamfungulia mlango, hata begi hajatua, "Kabla hujakaa niambie, safari hii mbaya nani?"