Wimbo Wenye Kiungo

Jioni hizi nimerudia Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, ulioandikwa na Shaaban Robert, nausoma taratibu huku simu ikiniimbia taarab pembeni. Kusoma kwa namna hiyo ni hasara tupu, nusu ukurasa, nusu wimbo. Juzi ikaingia Lucky Star, kikundi cha taarab cha Tanga, Shakila akiimba, na katikati ya ubeti ninaoujua tangu utotoni ukapita mstari ambao masikio yangu hayajawahi kuusikia. Nikarudisha. Upo. Umekuwapo miaka yote. Aliyeninyima ni mjomba na wembe wake.

Kwetu wimbo huo ulikuwa kwenye kaseti ya dakika 90, umenaswa kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam. Tisini zilipendwa kwa kubeba mengi, lakini utepe wake ni mwembamba kuliko wa sitini na hutafunwa upesi. Watu hulaumu kaseti. Mara nyingi mkosaji ni redio: mkanda wa mpira unaozungusha upande wa kupokea umelegea, utepe unasukumwa lakini hauvutwi, basi unajikunja na kujizungushia kwenye kigurudumu cheusi cha mpira. Kigurudumu kikiwa na uchafu unaonata ndiyo balaa kabisa. Siku hiyo sauti ya Shakila ilizama, ikawa nzito kama ya mwanamume aliyeamshwa usingizini, kisha kimya.

Mama alitaka kuivuta kaseti. Wengi huvuta, na hapo ndipo utepe hukatika. Mjomba akamshika mkono: "Dada, wacha. Chomoa waya kwanza."

Akaizungusha ile raba kinyumenyume kwa kidole, utepe ukatoka kidogo kidogo. Uliokunjamana tu hunyooshwa kwa ukucha ukaendelea kutumika, sauti ikififia mahali pale. Huu ulikuwa umechanika ukingoni, na uliochanika dawa yake ni kukata. Akatandaza gazeti, akafungua skrubu tano, nne za pembe na moja ya kati, akainua nusu ya juu polepole. Ukiinua kwa pupa, viroli viwili vya plastiki huruka, na ile springi ndogo yenye kitambaa kinachokandamiza utepe kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma sauti, inaishia chini ya mkeka. Bila hiyo utasikia sauti ya mtu aliyefungiwa kabatini.

Ncha mbili akazilaza moja juu ya nyingine, akazikata kwa pamoja, mshazari. Kiungo cha mshazari hupita kwenye hedi kwa upole, ila cha kukata wima hugonga. Selotepu akaibandika upande unaotazama ndani ya kaseti, kamwe si ule unaogusa hedi, kisha akapunguza kingo zake mpaka zikalingana na utepe, ambao upana wake haufiki milimita 4. Gundi ikichungulia kidogo tu, mzunguko unaofuata unanatia hapo hapo na wewe unaanza upya. Hatukuruhusiwa kupumua karibu yake. Mwisho penseli, ya pembe sita, kukaza utepe uliolegea.

Kilichobaki kwenye gazeti kilitimia shibiri moja, sentimita 22 hivi. Kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo ziliondoka sekunde nne na ushei: mstari mmoja wa Shakila.

Tukazoea. Mruko ule ukawa mahali pa kuitikia, sote tuliuruka pamoja. Huu mzima wa simuni ndio sahihi, nakubali, ila sikio langu linauona umetiwa kiraka. Siti mwenyewe alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, na taarab ukumbini haijui dakika tatu. Hilo linanifariji, si sana.

Wimbo angalau umepatikana. Utepe una pande mbili, nusu ya upana wake kwa upande mmoja, nusu kwa upande wa pili ukielekea kinyume, na hakuna wembe unaokata upande mmoja tu. Upande wa kwanza wa kaseti ile ulikuwa barua. Mama mdogo alikuwa Maskati, na barua zake zilikuja kwa sauti, mkononi mwa wasafiri. Alikuwa amekivunja kile kijino cha plastiki cha upande wake ili asifutwe, na kwa kuwa si mtu wa maneno machache, upande ulijaa wote. Mama akarekodi taarab upande uliobaki. Wimbo uliotafunwa ulikuwa wa kwanza huko, maana yake ulikaa mgongoni mwa mwisho wa barua, penye salamu.

Pale sasa anasema, "Nisalimieni bibi, nisalimieni na..." halafu moja kwa moja, "haya, kwaherini." Mama anaapa jina lililokatwa ni la mjomba. Mjomba anasema palikuwa na kikohozi tu, yeye alisikiliza kabla ya kukata. Tulipompigia mama mdogo mwenyewe, anakumbuka vizuri kwamba alimalizia kwa kuomba doti mbili za leso. "Na hamkunitumia," akasema. Leso hazimo, kabla ya kiungo wala baada yake. Mama kashika lake: hakuna mtu aliyeomba leso.