Kilo ya jirani ina gramu 900

Husuda huanza na hesabu. Gunia la sukari la kilo 50 ukilipima kwa haki, unauza kilo 50. Jirani aliyechezea mizani hutoa gramu 900 akaziita kilo, na gunia lilelile humpa kilo 55 na nusu. Mwaka ukiisha yeye anaezeka nyumba, wewe bado unalipa kodi ya chumba. Hapo moyo hausemi "niibe". Unauliza tu: uaminifu wangu umenisaidia nini?

Asafu, mkuu wa waimbaji wa Daudi, aliuliza hivyohivyo katika Zaburi ya 73. Mstari wa 3 anakiri kuwaonea wivu waovu waliofanikiwa, wa 13 anaona amejisafisha moyo bure. Ni mistari tisa tu katikati! Kuiona mali yao si hatari kubwa. Hatari ni pale usafi wako unapoanza kuhesabiwa kama hasara.

Wengi hujitibu kwa kungoja jirani akamatwe. Dawa hiyo haifai. Mstari wa 4 unasema watu hao hata kufa hufa bila maumivu, kwa hiyo yawezekana akazeeka salama kwenye nyumba yake. Tena anayengoja mwenzake aanguke bado anamtazama yeye kutwa, na Mithali 24:17 inakataza kufurahia anguko la adui.

Mithali 23:17 yasema: "Moyo wako usiwahusudu wenye dhambi, bali mche Bwana mchana kutwa." Mchana kutwa, yaani hata saa za duka. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, tazama kama mshale umesimama kwenye sifuri, weka jiwe la kilo moja uone unafika wapi, kisha useme, "Bwana, mizani hii unaiona." Jioni, ukihesabu mauzo, ndipo wivu hurudi. Usiumwage kwa wateja wala kwa watoto. Asafu aliuzuia ulimi wake asije akawakwaza wana wa Mungu (mstari wa 15), akaupeleka patakatifu. Nawe mweleze Mungu waziwazi: namwonea wivu fulani kwa ajili ya bati zake. Ombi la juujuu haligusi kidonda.

Huko patakatifu Asafu aliuona mwisho wao. Kisha akatambua kwamba hata alipokuwa mjinga kama mnyama, Mungu alikuwa amemshika mkono wa kuume, mkono uleule ambao wewe unachotea sukari.