Karamu na jeshi katika vyama vya mafundi vya London

Ukiambiwa kwamba wauza samaki, washonaji na watengenezaji viatu vya farasi wa London wana vikosi vya jeshi wanavyoviita marafiki zao, usidhani ni mzaha. Ndani ya City, ile sehemu kongwe ya London, kuna vyama vya mafundi na wafanyabiashara zaidi ya 110. Vingi havisimamii tena kazi vilivyoanzishwa kwa ajili yake. Vilichobaki nacho ni fedha za hisani, karamu na jeshi, na hivi viwili vya mwisho ni vigumu kuvitenganisha.

Uhusiano huo haukuanzia kwenye meza ya chakula. Mfalme alipohitaji askari au fedha za vita, aliviendea vyama, navyo vilitakiwa kutoa watu na kuweka silaha na mavazi ya chuma kwenye kumbi zao. Mwaka 1537 Henry VIII alitoa hati kwa chama cha wapiga pinde na bunduki, ambacho leo ni Honourable Artillery Company, kikosi cha akiba chenye makao yake Finsbury. Mwaka 1572 watu 300 kutoka wanamgambo wa London walivuka bahari chini ya Thomas Morgan kwenda kupigana Uholanzi, na kikosi cha askari wa miguu kilichoitwa Buffs kilihesabu asili yake kutoka kwao. Novemba 1642 wanamgambo hao hao wa jiji walijipanga Turnham Green, magharibi mwa London, upande wa Bunge dhidi ya mfalme Charles I, naye akageuza jeshi lake bila kuingia London. Wanamaji wa Royal Marines nao, walioanzishwa 1664, waliandikishwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa wanamgambo wa jiji.

Ndiyo maana vikosi vichache vina haki ya kupita City ngoma zikilia, bendera zikipepea na singe zikiwa kwenye bunduki. Kikosi kingine chochote hakiruhusiwi kupita hivyo mpaka kipewe idhini.

Lakini kuna chama ambacho uhusiano wake na jeshi bado ni wa kazi ya mikono, nacho ni Worshipful Company of Farriers, cha mafundi wa viatu vya farasi, chenye mizizi tangu 1356. Uingereza haimruhusu mtu kupigilia farasi viatu kama hakusajiliwa, kwa sheria ya 1975, na stashahada ya msingi ya kazi hiyo hubeba jina la chama hiki. Jeshi lina mafundi wake katika mji wa Melton Mowbray, nao hutahiniwa kwa kiwango hicho hicho. Farasi wa gwaride hukanyaga lami kila siku, kwa hiyo viatu vyake huisha upesi. Fundi huvibadilisha kila baada ya wiki kadhaa: hung'oa cha zamani, hukata na kusawazisha kwato, hujaribu chuma kikiwa cha moto ili aone kinapokaa vibaya, kisha hupigilia misumari, mara nyingi 7, minne upande wa nje na mitatu wa ndani. Msumari ukiingia ndani mno hugusa nyama hai, na farasi ataanza kuchechemea. Mkuu wa chama hiki akikaa meza moja na sajini fundi, wana la kuzungumza. Si kila chama kina bahati hiyo.

Sasa karamu. Mwaliko husema vazi, na ukitaja nishani maana yake ni nishani ndogo, si zile kubwa za gwaride. Maafisa huja na sare zao za karamu. Wageni hupanga mstari, mtangazaji huuliza jina na kulitaja kwa sauti, kisha unapeana mkono na Mkuu na wasaidizi wake. Sema jina lako polepole. Mtangazaji atalirudia jinsi alivyolisikia, hata kama amelisikia vibaya. Wageni wakishaketi, Mkuu na wageni wake wa meza kuu huingia huku ukumbi ukipiga makofi ya taratibu.

Chakula kikiisha huimbwa shukrani, kisha hupitishwa kikombe cha upendo, na hapo ndipo wageni wengi huchanganyikiwa. Ni kikombe kikubwa chenye kifuniko na mikono miwili ya kushikia, na kitambaa kimefungwa kwenye mkono mmoja. Wakati wowote watu watatu husimama. Anayekunywa anamtazama jirani yake, wanainamiana kichwa, jirani anaondoa kifuniko kwa mkono wa kulia na kukiinua juu. Nyuma ya mnywaji anasimama aliyetoka kunywa, amempa mgongo, anamlinda. Mnywaji akimaliza anafuta ukingo kwa kitambaa, kifuniko kinarudishwa, wanainamiana tena, na kikombe kinakwenda kwa jirani. Mlinzi anaketi, na mnywaji anageuka kumlinda huyo jirani, ambaye sasa amemgeukia mtu wa tatu.

Makosa ni yale yale kila usiku. La kwanza ni kuketi mara tu ukimaliza kunywa, na hapo mwenzako anabaki bila mlinzi. La pili ni kulinda huku umemgeukia mnywaji, kana kwamba unataka kumwona anavyokunywa. La tatu ni kushika kifuniko kwa mkono wa kushoto. Desturi inahusishwa na mfalme Edward, aliyeuawa Corfe mwaka 978, ambaye inasimuliwa kwamba alichomwa kisu akinywa. Mkono wa kulia wa jirani ukishika kifuniko hauwezi kushika kisu. Askari, nimeona, huelewa mara moja. Wageni wengine hucheka, na kicheko ndicho kinachofanya meza nzima ipoteze hesabu.

Baadaye huja heshima kwa Mfalme, na kabla ya hapo hakuna anayetakiwa kutoka. Afisa wa majini amezoea kunywa heshima hiyo akiwa amekaa anapokuwa kwenye meli yake, lakini ukumbini hufuata wenyeji na husimama.

Nje ya karamu kuna matukio mepesi. Gwaride la Meya wa City huwa Jumamosi ya pili ya Novemba, na vikosi hupita pamoja na vyama. Kabla ya Kwaresima kuna mbio za chapati za maji kwenye uwanja wa Guildhall, jumba la baraza la City, na hapo kila chama hutoa kilicho chake: wa kuku huleta mayai, wa matunda malimau, wa glavu glavu, wa saa hupima muda, na wa bunduki hupiga mlio wa kuanzia.

Kuanzisha uhusiano na kikosi si vigumu, kuudumisha ndiyo shida. Baraza la chama huchagua kikosi, meli au kundi la makadeti, yaani vijana wanaofundishwa mambo ya kijeshi, ikiwezekana chenye kazi inayofanana na ya chama. Karani huwasiliana na makao ya kikosi. Kisha hubadilishana hati, na tarehe hupangwa. Tatizo ni hesabu ya watu. Mkuu wa chama hukaa mwaka mmoja, kamanda kama miwili au zaidi kidogo, kwa hiyo wawili waliopatana vizuri hawapo tena mwaka wa tatu. Anayebaki ni karani. Chama chenye karani anayeweka daftari la majina, tarehe za ziara na tuzo zilizotolewa hakipotezi uhusiano. Chama kinachomtegemea Mkuu aliyewahi kuwa afisa huupoteza akishuka.

Vikosi navyo huunganishwa au kufutwa, na meli huondolewa kazini. Hati ya uhusiano iseme nini kitatokea hapo, vinginevyo chama hubaki kikimwalika kamanda wa kitu kisichokuwepo. Meli ni ngumu zaidi: ikiwa baharini mwaka mzima, hakuna wa kualika. Vyama vyenye busara huwa na makadeti pia, wanaopatikana kila juma karibu na nyumbani. Kwao usiweke mvinyo mezani.

Kuhusu fedha, sheria ya hisani ya 2011 inakubali kusaidia ufanisi wa jeshi kuwa kazi ya hisani, kwa hiyo mfuko wa chama unaweza kutoa tuzo kwa askari bora au kusaidia mafunzo ya nje. Gharama za karamu yenyewe zisitoke kwenye mfuko huo. Mhasibu atauliza, na karani ndiye atakayejibu.