Kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 11 Novemba

Mwisho wa Septemba

Kwetu vuli ni mvua. Oktoba hadi Desemba watu wako shambani, mbegu mkononi, macho mawinguni. Hapa Bonn, Ujerumani, miezi hiyohiyo ndiyo miti inapovua nguo, ndiyo maana wengine wanaita majira haya mapukutiko, na neno hilo linakaa vizuri zaidi mdomoni. Watoto wa chekechea hawana habari na mjadala huo. Kwao Septemba ikiisha ni msimu wa kastania, kokwa za kahawia zinazong'aa ambazo huchomekwa vijiti zikawa wanyama, na kastania haimsubiri mtu.

Mpango wote wa msimu huanzia mwisho wake. Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martin, watoto wanatembea gizani na kandili walizotengeneza wenyewe. Kandili ya puto inahitaji siku tatu au nne. Majani ya kuipamba yanahitaji wiki mbili ndani ya kitabu. Kwa hiyo majani yaokotwe kabla ya tarehe 20 Oktoba, na kabla ya hapo kuna kastania, ambazo zina ratiba yake zenyewe. Mzazi anayeanza kutafuta majani mwanzoni mwa Novemba atakuta mboji.

Kastania zinazodondoka kando ya barabara na kwenye bustani kubwa ya Rheinaue ni zile zisizoliwa. Zina sumu, si ya kuua kwa kipande kimoja, lakini ya kutosha kumtapisha mtoto na kumharisha. Ile inayoliwa hutambulika kwa ganda lake: miiba mingi, myembamba, iliyosongamana kama manyoya ya nungunungu, na kokwa yake ina kishungi kidogo kwenye ncha. Ganda la isiyoliwa ni la kijani, miiba yake ni michache na mifupi. Majani pia hayafanani. Jani la isiyoliwa limegawanyika kama vidole, vitano hadi saba. La inayoliwa ni moja, refu, lenye meno ya msumeno. Mfundishe mtoto jani kwanza. Jani halidanganyi, kokwa mbili zikiwa kiganjani hudanganya.

Wengi wanakosea jambo moja: wanaokota Jumamosi, wanatia kwenye mfuko wa plastiki, wanauweka kando mpaka Jumamosi nyingine. Ukiufungua unakuta ukungu mweupe, na zilizosalimika zimekuwa ngumu kama jiwe. Kastania iliyodondoka leo ganda lake ni laini, linatoboka kwa kekee ndogo ya mkono bila kutumia nguvu. Baada ya siku nne au tano kekee inateleza, na ikiteleza inaingia kidoleni. Basi toboeni siku hiyohiyo au kesho yake. Zinazobaki zitandazwe kwenye gazeti au kwenye trei ya mayai, zisigusane.

Mahali pa kutobolea ni lile doa jeupe, ndipo ganda lilipo laini zaidi. Usiishike kastania kwa vidole huku unatoboa. Ikalishe kwenye kizibo cha chupa pana, au kwenye tundu ulilokata katika kipande cha boksi nene, ishike hapo. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kuzungusha kekee akiwa na mtu mzima pembeni; wa miaka mitatu apewe kazi ya kuchomeka vijiti. Njiti za kiberiti zinafaa kwa miguu kuliko vijiti vya meno kwa sababu hazina ncha kali, ila vunja vichwa vyake kwanza. Kina cha tundu ni sentimita moja. Likiwa fupi, mguu unatoka mnyama akisimamishwa.

Na mguu utatoka tu. Kastania inapokauka nyama ya ndani inasinyaa, tundu linapanuka, na baada ya wiki mbili twiga analala ubavu. Tone la gundi ya mbao kwenye kila tundu huongeza umri. Wapo wanaopaka vanishi ili ing'ae siku zote. Kwa maoni yetu haina maana, kwa kuwa ule mng'ao ni wa siku ya kwanza na mtoto anaujua kuliko sisi.

Kokwa za mwaloni zina tatizo jingine: mabuu. Mdudu hutaga yai ndani ya kokwa ikiwa changa, na buu hutoka baadaye kwa kitundu cha mviringo, mara nyingi juu ya zulia la sebuleni. Zimwage kwenye bakuli la maji. Zinazoelea zimeliwa ndani, tupa. Zinazozama zikaushe kwenye oveni, nyuzi 80, saa moja, mlango ukiwa wazi kidogo. Kofia zake zikusanywe kando kwa sababu hudondoka zikikauka. Hurudishwa kwa gundi. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, kokwa za mwaloni zisifike kabisa mezani. Ukubwa wake ni ule unaoziba koo.

Katikati ya Oktoba

Kuhusu umbali: acheni kuhesabu kilomita. Mtoto wa miaka mitatu mwenye ndoo mkononi atamaliza saa nzima kwenye nusu kilomita, na hiyo ndiyo safari. Njia ya duara katika msitu wa Kottenforst ni tambarare, kigari cha mtoto kinapita, na hakuna mahali mtoto anapodai kubebwa kwa sababu ya mlima. Kilima cha Drachenfels, ng'ambo ya mto Rhine, kina kimo cha mita 321 na treni ya reli yenye meno inayopanda tangu 1883. Pandeni kwa treni, shukeni kwa miguu, lakini si siku ya mvua: majani yaliyolowa juu ya lami yenye mteremko huteleza kama sabuni. Isitoshe, sehemu kubwa ya vilima vile ni hifadhi, hapaokotwi kitu wala haruhusiwi mtu kutoka njiani. Mtoto aliyeahidiwa kuokota asipelekwe huko, apelekwe Rheinaue. Nje ya hifadhi sheria inaruhusu kuchukua kidogo kwa matumizi yako, yaani kiasi cha kushika mkononi, si gunia.

Nguo: gambuti na suruali ya mvua yenye kamba za mabegani, hata jua likiwaka. Nyasi za Oktoba zina umande hadi mchana, na mtoto aliyelowa magoti anataka kurudi nyumbani baada ya dakika kumi. Kupe bado wapo mpaka baridi ishuke chini ya nyuzi saba hivi, kwa hiyo mkirudi kagua nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio na mpaka wa nywele. Uyoga ni wa kutazama tu. Vilevile vitunda vyekundu vya ule mti wa uzio wenye majani kama sindano za kijani kibichi: mbegu yake ni sumu kali. Chai ya maziwa kwenye chupa na mandazi mawili kwa kila kichwa huongeza nusu saa ya uvumilivu.

Sasa majani. Okoteni siku kavu, mchana, umande ukishakauka. Bora ni mepo, yule ambaye jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, na ginko, lenye jani mfano wa pepeo la kupepea mkaa. Jani la mwaloni ni gumu na linageuka kahawia tu. Jani la kastania liacheni: kiwavi wa nondo mdogo hulitoboa tangu kiangazi, na ifikapo Agosti tayari limekauka kwa madoa.

Mtoto atauliza kwa nini yanabadilika rangi, na jibu linamtosha hata wa miaka mitano. Njano ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilifunikwa na kijani. Siku zikiwa fupi mti unaacha kutengeneza kijani na ule uliopo unavunjika, njano inaonekana. Wekundu ni habari nyingine: huo jani huutengeneza upya mwishoni, kutokana na sukari iliyobaki ndani yake. Ndiyo maana miaka yenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huwa na wekundu mkali.

Kukausha: gazeti, majani yasiyogusana, gazeti, halafu vitabu vizito juu. Gazeti lisiwe karatasi ya kung'aa, hainywi maji. Badilisha gazeti baada ya siku ya kwanza na tena siku ya tatu. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa, maana unyevu unaobaki ndio unaogeuza nyekundu kuwa kahawia. Wiki moja kwa ginko, mbili kwa yenye kikonyo kinene. Ukiwa na haraka kuna pasi: joto la kati, bila mvuke, jani katikati ya karatasi mbili za kuokea, sekunde kumi kila upande, rudia mpaka jani lisijikunje. Rangi hufifia kidogo.

Siku ya mvua, majani mabichi machache yanatosha kwa kazi ya kusugua. Jani liwe na mishipa juu, karatasi nyembamba ya kawaida juu yake, kreyoni iliyovuliwa karatasi yake ilazwe ubavu na kupitishwa polepole. Mtoto akisukuma kwa ncha, karatasi inachanika. Bandika kikonyo cha jani mezani kwa selotepu, la sivyo litahama naye atalia. Jani kavu halifai, linapondeka.

Boga tulitaje kwa ufupi. Lile jekundu la Hokkaido huliwa na ganda lake, na supu yake kwa tui la nazi haihitaji maelezo. Maboga madogo ya mapambo, yenye vinundu na mistari, yasipikwe kamwe: ni machungu na yana sumu, na uchungu huo hauondoki kwa kuchemsha. Kwa watoto wadogo kupaka rangi ni bora kuliko kuchonga. Boga zima hukaa wiki kadhaa, lililochongwa huota ukungu ndani ya siku chache.

Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, na giza linaingia kabla hata ya saa kumi na mbili jioni. Wazazi wengi wanaichukia wiki hii kwa sababu watoto wanaamka mapema kuliko saa. Itumieni kwa kandili.

Pulizeni puto mpaka lifikie kipenyo cha sentimita 20, likalisheni kwenye bakuli lisibiringike. Gundi: kijiko kikubwa kimoja cha unga wa gundi ya karatasi za ukutani kwa nusu lita ya maji, koroga, subiri dakika 30. Au gundi ya uji, ileile ya kubandikia tiara utotoni: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vinne vya maji, pika mpaka uwe mzito kidogo, uache upoe. Ya uji ni salama mtoto akilamba mkono, lakini ikikauka polepole huota ukungu, basi tabaka ziwe nyembamba.

Karatasi ni ile laini inayopitisha mwanga. Ichaneni, msiikate; ukingo uliochanika hulala vizuri na mtoto anapenda kuchana. Vipande vya ukubwa wa kiganja chake. Tabaka mbili, halafu majani makavu, halafu tabaka mbili nyepesi za rangi nyeupe au njano juu yake. Acheni sentimita nane wazi kuzunguka fundo. Tabaka tatu hazitoshi, kandili hubonyea. Sita hazipitishi mwanga. Rangi nyeusi na kahawia zifichwe kabisa. Watoto huzipenda, na usiku kandili huwa kipande cha giza kinachotembea.

Kukauka ni siku mbili, tatu kama mvua inanyesha. Msiliweke puto juu ya hita: hewa ndani inapanuka, linapasuka, na karatasi mbichi inaanguka kama ngozi ya mzee. Wala msiliache karibu na dirisha lililo wazi usiku, maana hewa ikipoa puto linasinyaa na kandili inabaki na makunyanzi. Likikauka, toboa karibu na fundo ili hewa itoke polepole, nyoosha ukingo kwa mkasi, bandika utepe wa boksi kwa ndani, toboa matundu mawili, pitisha waya.

Familia yenye watoto wawili na jioni moja tu ifanye kandili ya boksi la jibini. Boksi la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 15 lina mzingo wa 47. Kata karatasi ngumu inayopitisha mwanga yenye urefu wa 49 na kimo cha 20, majani yakiwa yamebandikwa upande wa ndani, izungushie kwenye kitako, na ukingo wa kifuniko uwe juu. Haipendezi kama ya puto, ila haijawahi kuangushwa na upepo.

Taa iwe ya betri, ile ya fimbo ya kubebea kandili. Mshumaa una mashabiki wake, nao wana haki kuhusu rangi ya mwanga, lakini mtoto wa miaka minne anayumbisha kandili.

Novemba, wiki ya Martin

Ulizeni tarehe mapema. Siku yenyewe ni 11, ila chekechea na shule huchagua jioni yoyote karibu na hapo. Aghalabu mbele kuna mpanda farasi mwenye joho jekundu, kwa kuwa Martin alikuwa askari wa Kirumi aliyelikata joho lake nusu akampa ombaomba. Farasi huyo ndiye anayewatisha wadogo kuliko giza. Simameni katikati ya msafara, mbali na farasi na mbali na tarumbeta. Mwisho kuna moto mkubwa na mkate wa sura ya mtu, na katika mitaa mingi watoto huimba milangoni wapewe peremende, hivyo mfuko wa kitambaa usisahaulike.

Mkirudi, toeni betri kwenye fimbo kabla kandili haijatundikwa dirishani. Betri zilizoachwa humo mpaka mwaka ujao huvuja, na fimbo haiwaki tena.