Sidii ya pili ilipokwama

Mwezi wa tano 2022 niko kwenye matatu naenda town, tumekwama hapo kabla ya daraja la Nyali, Mombasa, kama kawaida, nikaona kwenye simu ati yule mwigizaji Ray Liotta amefariki. Watu wengi wanamjua kwa muvi ya Goodfellas ya 1990. Mimi kilichonijia kwanza ni harufu ya viazi karai.

Mwanzo wa 2004 nilikuwa nimemaliza fomu ya nne, nangoja matokeo, sina kazi sina bazi, na pale mtaani kwetu Kisauni kulikuwa na kibanda cha video cha mabati, tivii moja, deki moja, spika mbili kubwa kuliko tivii yenyewe, mabenchi ya mbao yanayotoboa suruali. Kaskazi imewaka, jua limeshinda kwenye yale mabati mchana kutwa, ukiingia saa mbili usiku bado kunafuka kama tanuri. Nje, mgongo wake umeegemea ukuta wa kibanda, ndio alikuwa anakaa Mama Viazi na karai lake. Hakuwahi kuingia ndani hata siku moja, mwanamke wa heshima zake aingie video na maboy wanaotafuna miraa wapi, lakini muvi zote alizijua. Zile kelele zetu ndizo zilizokuwa zikimtafsiria.

Ile siku mwenye kibanda alikuja na sidii mpya kutoka Mwembe Tayari, Narc, ya 2002, Liotta yumo, akatuapia ni kopi safi. Wakati ule muvi moja ilikuwa inakuja kwa sidii mbili, ikifika katikati anasimamisha anabadilisha, na hapo ndipo watu wanatoka kukojoa na kununua viazi.

Sasa ile muvi, kama umeiona unajua, inaanza tu na mbio. Askari kanzu, Jason Patric, anamfukuza muuza unga, kamera inarukaruka kama aliyeishika naye anakimbizwa na mbwa, na picha yenyewe imefifia, bluubluu, rangi zimepauka. Watu wakaanza. "We mzee, hii umeuziwa ya kurekodiwa sinema!" Mwingine, "Rudisha pesa, kichwa chaniuma!" Mwenye kibanda anaapa wallahi ni orijino, anagonga tivii kwa kiganja, anageuza waya huku na huku. Masikini alikuwa anasema kweli, director Joe Carnahan aliitaka iwe hivohivo, lakini nani angemuamini, sisi tumezoea muvi za kuruka mateke zenye rangi ya kumeta. Katikati ya hizo kelele yule askari akapiga risasi, na jamaa mmoja mbele akapiga ukelele, "Lahaula, amempiga mama mjamzito!" Tukanyamaza kama sekunde tatu, kisha tukarudi kugombana juu ya kopi.

Ila ikatushika. Wale watu wa Detroit wanatoka mvuke mdomoni kwa baridi, sie huku tunavuja jasho, na hakuna aliyetoka. Askari amesimamishwa kazi mwaka mmoja na nusu, anarudishwa ili amsaidie Liotta kumtafuta aliyemuua askari kanzu mwenzao, Calvess, na huyo Patric mwenyewe kazi ya kujifanya mtu wa unga ilimponza mpaka unga ukamshika kweli. Nyumbani ana mke na mtoto mchanga, mke hataki kusikia habari za yeye kurudi barabarani. Liotta naye mnene, ana ndevu, akiingia mahali mtu unasogea kwenye benchi bila kujijua.

Sidii ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, pale ndipo unakaribia kujua nani alimuua Calvess, ikaanza kukata, sura ya Liotta ikawa vipande vipande kama maroboto, halafu kimya. Mwenye kibanda akaitoa, akaifuta na shati, akaipaka dawa ya meno, akaipulizia, akairudisha. Wapi.

Basi ndio kukawa na kesi. Utingo mmoja wa matatu akasimama juu ya benchi akasema ni Liotta, sura yake tu inatosha. Mwingine akasema mke wa marehemu ana lake jambo. Mzee mmoja aliyestaafu bandarini akasema yeye hajali nani kaua nani, ila askari kanzu haifai kuoa, manake mtu anayelipwa kudanganya mchana kutwa, usiku atamwambia mkewe kitu gani cha kweli. Hiyo ilipigiwa makofi. Kulikuwa na kijana wa rika langu, kaka yake alikuwa teja, mtaa mzima tunajua na hatusemi. Akasema polepole, "Hawa wameigiza vizuri, lakini arosto ya kukosa unga si vile. Nyumbani sisi twamfunga kamba." Hakuna aliyemjibu, kila mtu akaangalia benchi lake. Mpaka leo nikisoma watu wakibishana kama hii muvi ina uhalisia au la namkumbuka yeye tu, hao wengine wote naona wanapiga domo.

Nikatoka. Nikamuamkia Mama Viazi shikamoo, nikaagiza viazi vya shilingi kumi, na hapo akaniuliza, anageuza na upawa wala haniangalii, "Na yule mama mjamzito, akawaje?"

Nikabaki mdomo wazi. Zaidi ya saa nzima tumegombana, marehemu Calvess tumemfanyia uchunguzi kuliko polisi wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyemuulizia yule mama. Ile wiki ya 2022 niliitafuta nikaitazama yote, na mwisho nikaujua, sitawaharibia, utingo naye hakuwa mbali sana. Na yule mtoto wa tumboni hakuishi. Ndio mzigo ule Patric anaubeba muvi nzima, sisi pale tulikuwa twapigia kelele rangi.

Lakini usiku ule sikuwa najua chochote, na yeye amesimamisha upawa, sasa ananiangalia.

"Walipona, mama," nikamwambia. "Yeye na mtoto."

"Alhamdulillahi," akasema, na akanitilia kiazi cha ziada, akakimwagia ukwaju mpaka gazeti likalowa.