Mbao za kanga: jina linapoingia ndani ya picha

Kwa anayefika sasa: ninachora mbao zenye umbo la kanga, zina pindo, zina mji wa katikati, zina jina, yaani yale maneno ya kanga, ila jina halikai chini ndani ya kisanduku chake. Picha yote inatokana nalo. Natumia rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama alivyofanya Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na sababu yangu si ya kisanii: vitu hivi vipo duka lolote la vifaa vya ujenzi na havimfilisi mtu. Hadibodi nzima ni futi 8 kwa 4. Inatoa vipande viwili vya futi 4 kwa 3, uwiano unaokaribiana sana na wa kanga, na kinabaki kimoja cha futi 4 kwa 2.

Machi

Jina la ubao wa kwanza ni JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Limevaliwa mno, na ndiyo maana nimelitaka: mtu wa pwani akishashika maneno mawili ya mwanzo, yaliyobaki anajimalizia mwenyewe. Tabu inaanzia hapohapo. Jina likisomeka upesi, jicho linaondoka na picha inakuwa pambo tu. Lisiposomeka kabisa, nimechora maua. Kanga ikiwa mwilini hailijui tatizo hili. Jina hukaa nyuma, basi unalisoma mwenyewe akishakupita, wakati rangi umeshaziona tangu alipokuwa anakuja. Ucheleweshaji huo ndio ninaoutafuta kwenye ubao.

Kwenye penseli nimeweka SIPATI juu na SIKATI chini yake, herufi juu ya herufi. Zinalingana zote isipokuwa ya tatu. Kwa hiyo nimepata mistari mitano inayoshuka wima bila kukatika, na mmoja unaogeuka njiani: tumbo la P linapasuka na kuwa mikono miwili ya K. Mikoko ikajileta. I ni mti mchanga, A ni mizizi ya mkoko iliyotanua miguu kwenye tope, T ni boriti iliyolazwa juu ya nguzo. K ni panda ya mti ambayo hakuna aliyeipiga shoka. S ndiyo iliyonisumbua, maana kila nikiichora inakuwa nyoka, na nyoka kwenye mikoko anavuta macho yote. Nimeifanya mkondo wa maji.

Aprili, masika

Sasa rangi, na hapa ndipo nilipokaa sana. Kinachofanya herufi isomeke kwa mbali ni tofauti ya giza na mwanga kuliko tofauti ya rangi yenyewe. Nyekundu ya kopo na kijani cha kopo ninavyotumia vina giza linalokaribiana. Ukivitazama vinagombana mpaka macho yanawasha, lakini vipige picha kwa simu kisha uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe: vinakuwa kijivu kimoja na herufi zimezama. Tia kijiko cha nyeupe kwenye nyekundu, herufi inaanza kupanda juu. Vijiko viwili, mtu anaisoma akiwa mlangoni.

Basi nimepata usukani. JAPO nimeizamisha karibu yote. SIPATI inapanda kidogo kidogo kuelekea kulia. TAMAA ni manjano juu ya nyeupe: ukiwa mbali unaona mwanga tu, kama jua kwenye maji, mpaka usogee. Kwenye SIKATI, K peke yake ndiyo niliyoiacha wazi kabisa.

Mvua haisaidii. Rangi ya mafuta kwenye unyevu huu inashika ngozi juu huku chini bado mbichi, na ukiharakisha tabaka la pili inakunjamana. Kwa hiyo muda mwingi ubao umeegemea ukuta, nami nasubiri.

Katika kusubiri nimemrudia mchoraji Ibrahim El-Salahi wa Sudan, kama ninavyofanya kila nikikwama. Alisoma chuo cha sanaa cha Slade, London, 1954 hadi 1957, akarudi Khartoum na picha ambazo watu walizipa kisogo. Akaanza kuangalia maandishi na mapambo ya majumbani mwao, akaingiza maandishi madogo pembeni mwa picha, yakaenea, mwisho akazivunja herufi zenyewe na kukuta ndani yake sura za watu, wanyama na mimea. Wengi husifu hatua hiyo ya mwisho. Mimi inanifaa ya kabla yake, pale herufi bado ni herufi ila imeanza kuota miguu. Kwenye rangi sikumfuata. Kahawia na weusi wake wa miaka ile ni mzuri, lakini kanga haijui kunong'ona.

Ubao wa pili

Jina lilelile, kwa herufi za Kiarabu, kama zilivyokuwa kanga za zamani kabla herufi za Kirumi hazijashika. Nguzo hazipo tena. Herufi zinashikana mikono na mstari unatembea kutoka kulia. Tofauti ya maneno yale mawili sasa ni jino dogo lenye nukta tatu chini, dhidi ya mkono mrefu wa herufi kafu uliolala mshazari.

Shangazi, ambaye alijifunza kuandika chuo cha Kurani, alivaa miwani akainama karibu. "Mwanangu, hii be au pe?"

Nikamwambia pe, ndiyo sababu ya nukta tatu.

"Sisi tulikuwa tunaandika be. Anayesoma atajua mwenyewe."

Akaenda zake jikoni. Nukta nimeziacha tatu, lakini nimezipaka nyekundu kali na kuzikuza hadi upana wa kifuniko cha chupa ya soda, ndizo nyekundu pekee kwenye ubao mzima. Maandishi mengine yote ni samawati juu ya samawati.

Kipande cha futi 4 kwa 2 nimeshakipiga nyeupe. Nataka kukifanya kisutu, ile kanga ya nyekundu na nyeusi, na kwa kuwa kisutu kwa desturi hakina jina, bado nabishana na nafsi yangu kama kitahesabika kwenye mradi wa maandishi. Fremu pia hazijaamuliwa. Fundi anashauri mninga, mfuko unasema paini.